Kupaka Rangi na Kuandika Mabehewa ya Mfano

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Ufundi

Watu wengi wakiona gari la moshi la mfano juu ya meza hudhani ni mchezo wa watoto, nao hupita zao. Lakini katika nchi kama Uingereza, Marekani, Ujerumani na Japani wako watu wazima, wengine wazee wenye wajukuu, ambao huunda reli nzima ndani ya chumba kimoja, na mabehewa yake huyapaka rangi kwa mikono yao wenyewe. Nataka kuieleza kazi hiyo ya rangi na maandishi, maana tangu mwaka jana Chama cha Ufundi cha shule yetu kimekuwa kikiifanya. Mwanafunzi mmoja wa zamani alituletea zawadi ya mabehewa sita ya plastiki, yote matupu, hayana rangi wala herufi hata moja.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini kiwanda kiuze kitu kisichomalizika? Sababu ni kwamba reli za dunia ni nyingi mno, na kiwanda hupaka rangi za zile zinazojulikana sana tu. Atakaye reli nyingine hununua behewa tupu akajimalizia. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi wa Japani walitengeneza injini ndogo za shaba ya manjano kwa ajili ya wanunuzi wa Marekani, na nyingi ziliuzwa hivyo hivyo, shaba tupu inayong'aa. Aliyetaka ifanane na injini ya kweli ilimpasa kutafuta rangi mwenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika kundi hilo la wenye kujimalizia, kwa kuwa ni nadra mno kukuta dukani behewa lililokwisha andikwa herufi za reli zetu.

Kwanza yafaa kujua kipimo. Mabehewa yetu ni ya kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila milimita moja ya mfano ni milimita 87 za kweli. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 baina ya vyuma viwili. Gawanya kwa 87, utapata milimita 11 na nusu. Reli ya TAZARA ni milimita 1,067, nayo huwa milimita 12 na robo. Kwa hiyo njia ya mfano ya milimita 12 hutosha zote mbili. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ni ya milimita 1,435, nayo hutaka njia ya milimita 16 na nusu. Hesabu hiyo ndiyo inayotawala maandishi pia. Herufi ya sentimita 30 ubavuni mwa behewa la kweli huwa milimita 3 na nusu tu. Zile injini kubwa za Garratt za kundi la 59, zilizoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, zilikuwa 34, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo, nambari 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi, ingawa mlima wenyewe uko huku kwetu, karibu na Ziwa Natron. Injini hiyo ina urefu wa zaidi ya meta 31. Mfano wake ni sentimita 36 hivi, na jina la mlima huwa dogo kiasi cha kuhitaji miwani ya kukuzia.

Sasa kazi yenyewe. Mwanzo wake ni kuosha. Plastiki itokayo katika kalibu huwa na mafuta yasiyoonekana, na rangi haishiki juu ya mafuta. Tunaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tukisugua kwa mswaki mkuukuu, kisha tunaacha behewa likauke bila kulifuta kwa kitambaa, maana kitambaa huacha nyuzi. Tangu hapo vidole havigusi tena ubavu wake. Tunalishika kwa kijiti kilichobandikwa chini ya sakafu yake. Mfano wa shaba hulowekwa kidogo katika siki ukasuuzwa vizuri, ili uso wake ukwaruzike na rangi ipate kung'ang'ania.

Matajiri wa kazi hii hutumia bomba dogo la kupulizia rangi lenye mashine ya upepo. Sisi tunatumia makopo ya kupuliza yauzwayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, nayo hayatuangushi. Kopo huanza kupuliza kabla halijafika kwenye behewa na huacha baada ya kulipita, ili rangi isirundikane mwanzoni wala mwishoni. Tabaka nyembamba tatu ni bora kuliko moja nene. Ubavuni mwa behewa mna vichwa vya misumari vidogo kama mbegu za mchicha, na rangi nene huvifunika vikapotea, na vikipotea behewa halina tena sura ya behewa. Baina ya tabaka na tabaka ni kungoja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na katika chama chetu wenye pupa hupewa kazi ya kufagia, kwa sababu vumbi ndilo adui wa pili. Tunanyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza, na behewa likishapakwa hufunikwa kwa boksi.

Zikiwa rangi mbili, ile nyepesi hutangulia na nyeusi hufuata. Sehemu isiyotakiwa kupakwa tena hufunikwa kwa utepe wa mafundi rangi, na ukingo wake hukandamizwa kwa ukucha. Kabla ya kupuliza rangi ya pili, puliza kidogo tena ile ya kwanza kwenye ukingo huo. Kama kuna upenyo utazibwa na rangi ile ile, na mstari utatoka safi. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba rangi ya kweli haifai kwa mfano. Kitu kikiwa mbali rangi yake hufifia machoni, na mfano ni kama kitu kinachotazamwa kutoka mbali. Kwa hiyo rangi nyeusi huchanganywa na kijivu kidogo, na ile damu ya mzee ya injini za Garratt hutiwa weupe kidogo.

Herufi ndizo ngumu. Huchapwa juu ya utando mwembamba sana uliogandishwa kwenye karatasi. Unakata neno, unalichovya majini, unangoja mpaka utando uteleze, kisha unausukuma kwa brashi hadi mahali pake. Lakini utando ukiwekwa juu ya rangi isiyong'aa hufungia hewa chini yake, nao humeta kama gamba la samaki. Ndiyo sababu behewa hupakwa kwanza vanishi ya kung'aa, hubandikwa herufi, kisha hufunikwa kwa vanishi isiyong'aa. Iko dawa ya kulainisha utando ili ukae juu ya vichwa vya misumari. Ukiipaka, utando hujikunja kama ngozi ya mzee, na hapo usiuguse kabisa, utajinyoosha wenyewe. Pakibaki povu litoboe kwa sindano, uongeze dawa. Vanishi ya mwisho isipulizwe siku ya mvua, maana unyevu huitia ukungu mweupe.

Mashine ya kuchapa ya shuleni haina wino mweupe, na herufi zetu ni nyeupe. Tulipata njia: tunanunua karatasi yenye utando mweupe, tunachapa rangi ya behewa pande zote za herufi, na herufi zenyewe tunaziacha bila wino. Wino huo huyeyuka majini, hivyo karatasi hupulizwa vanishi kabla ya kuchovywa. Kupatanisha rangi ya wino na ya behewa kulituchukua majuma mawili.

Baada ya hapo likaja swali la nini kiandikwe. Wenzetu wengine walitaka mabehewa yote yapakwe rangi za shule yetu na jina lake. Mimi nilikuwa upande wa wapingao. Tulipiga kura, na behewa moja likapewa rangi za shule, matano yakabaki ya reli. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi rangi katika karakana ya reli, akiandika nambari kwa brashi na bati lililokatwa matundu. Nilipompelekea behewa la kwanza, lingali halina herufi, aliligeuza geuza akauliza swali moja tu: "Hili la mwaka gani, mjukuu wangu?"

Swali hilo ndilo kazi yote. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1948, bandari zikatengwa mwaka 1969, na mwaka 1977 reli ikagawanywa baina ya nchi tatu, na hapa Tanzania likaja shirika la TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukaingia mikononi mwa kampuni ya TRL, kisha kwa sheria ya mwaka 2017 herufi TRC zikarudi tena. Basi mwenye kuandika TRC ajue ni TRC ipi, na asifunge behewa la 1980 pamoja na la 1960 lililoandikwa upya jana akidai ni gari moja la mwaka mmoja. Wamarekani nao wana sheria zao. Herufi za mwenye behewa zikiishia na X, mwenyewe si kampuni ya reli.

Karibu na soko la mji wetu lipo bodi la behewa la zamani ambalo mfanyabiashara amelifanya ghala. Kwa ruhusa yake, na mwalimu wetu akiwapo, tulisugua kwa msasa mahali padogo kama sarafu. Rangi zikajitokeza kwa duara, moja ndani ya nyingine: kijani cha mwenye ghala, kahawia, kijivu, na mwisho nyekundu ya kuzuia kutu. Chini ya kahawia palikuwa na nambari. Tarakimu tatu zilisomeka. Nyingine zimeliwa na kutu.

Mabehewa manne yamekwisha, pamoja na lile la rangi za shule, nayo yataonekana siku ya wazazi katika chumba cha ufundi. La tano tumelipaka kijivu tulichokiona pale ghalani, na ubavu wake tumeuacha mtupu. Mzazi au mwalimu yeyote aliye na picha ya zamani iliyopigwa stesheni, hata kama ni ya harusi au ya safari, atazame nyuma ya watu. Ikiwa behewa laonekana na nambari yake yasomeka, tafadhali amkabidhi mwanawe aje nayo. Tutaichora na kuirudisha siku ile ile.