Mvumo wa mitambo ya upepo ya Ngong hutoka wapi?

Mgeni apandaye vilima vya Ngong, nje kidogo ya jiji la Nairobi nchini Kenya, huisikia mitambo ya kufua umeme kwa upepo kabla hajaifikia: vuu, vuu, vuu, zaidi ya mara moja kila sekunde. Wengi hudhani ni ngurumo ya mashine iliyoko juu ya mnara. Mashine ina sauti yake, lakini mvumo huo hasa huzaliwa pale hewa inapoachana na panga.

Panga la mtambo limeumbwa mfano wa bawa. Upepo unapolipitia huzaa nguvu ya kulinyanyua, nayo ndiyo huuzungusha mtambo. Hata hivyo, hewa inayogusana na uso wa panga hupungua mwendo, ikavurugika na kuwa visulisuli vidogo vidogo. Visulisuli hivyo vikiwa peke yao hewani havina kelele ya kutajika. Vinapofika kwenye ukingo mwembamba wa nyuma, uso wa panga hukoma ghafla, na msukumo wao hutawanyika kwa umbo la sauti.

Mwendo ndio unaoamua ukali wake. Panga likienda kasi maradufu, nguvu ya sauti hii huongezeka takriban mara 32. Kwa sababu hiyo, sehemu iliyo karibu na ncha huvuma kuliko shina. Mapanga ya mitambo ya Vestas iliyoko Ngong huchora duara lenye kipenyo cha mita 52. Yakizunguka mara 26 kwa dakika, ncha hukimbia mita 70 hivi kwa sekunde, yaani takriban kilomita 250 kwa saa. Aliyesimama chini huusikia mvumo zaidi panga linaposhuka.

Kwa jirani wa mitambo ya namna hii, usiku ndio mgumu, kwa kuwa kelele nyingine zimelala. Mzunguko ukipunguzwa, mvumo hutulia, lakini umeme nao hupungua, na hapo ndipo mwenye mtambo na mwenye nyumba wanapovutana. Dawa nyingine ni kuupa ukingo wa nyuma meno kama ya msumeno, ili visulisuli visiuvuke kwa mkato mmoja. Bundi, ambaye huwinda kimya, ana nyuzi laini kwenye ukingo huohuo wa bawa. Meno hayo hupunguza desibeli chache tu; mvumo haumaliziki.