Ruta ya Meshi na Milango Yake Miwili

Miongoni mwa vyombo vinavyodhulumiwa pasi na hatia katika ofisi, zahanati na skuli za Jinja na Mbale, sioni kinachodhulumiwa kuliko ruta ya meshi, yaani ruta ya waifai yenye vituo kadhaa vinavyoshirikiana, kwani intaneti inapokatika, mtu wa kwanza kushikwa na ghadhabu huinuka akaichomoa kwenye umeme na kuichomeka upya, ilhali mpaka dakika ile ilikuwa ikizihudumia kompyuta, printa na seva za ndani kwa uaminifu, na kuzimwa huko ndiko wakati mwingine kunakoiua kazi ambayo mkato wa nje haukuigusa.

Mikato yenyewe haikosi. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ya Uganda nzima ilifungwa kwa amri, isirudi ila tarehe 18. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, zikaitatiza Afrika Mashariki, pamoja na watu wa bara ambao intaneti yao hupitia Mombasa. Katika misiba hiyo hakuna uliougusa waya utokao kwenye meza ya karani wa Jinja kwenda kwenye seva iliyo chumba cha pili, wala ule wa mwenziwe wa Mbale aliye chini ya mlima Wanale.

Ajabu ya chombo hiki imo katika milango yake ya nyuma. Ruta za zamani zilitengewa mlango mmoja wa nje, wenye rangi yake, na minne ya ndani. Ruta nyingi za meshi zina milango miwili iliyofanana, isiyo na alama, nazo hujiamulia zenyewe upi ni wa nje: zinapoamka hupeleka katika milango yote miwili ombi la kupewa anwani, kwa kanuni ya DHCP ambayo maandishi yake makuu ni ya mwaka 1997, na mlango utakaojibiwa ndio unaohesabiwa kuwa wa nje, ule mwingine ukabaki wa ndani. Maadamu boksi la kampuni ya intaneti lina umeme, litajibu hata kama faiba imekatwa huko mbali, kwa kuwa aghalabu boksi hilo nalo ni ruta. Lakini ukiizima ruta na kuiwasha wakati boksi limezimika, ombi halipati wa kulijibu, na hapo baadhi ya ruta huhesabu milango yote kuwa ya ndani, nyingine hubaki zikimeta taa kungoja jibu, na kazi ya watu wote husimama. Kwa hiyo seva sharti ichomekwe kwenye mlango wa ndani wa ruta ya meshi, au kwenye swichi iliyo nyuma yake, isichomekwe kamwe kwenye boksi la kampuni, ambako kila mwenye kuitafuta itambidi atokee mlango wa nje, na boksi likizimika seva hutoweka pamoja nalo.

Iko hali nyingine, nayo huwatatiza mafundi kushinda zote, ambamo ruta ya meshi imewekwa kuwa daraja tu, anwani zote zikigawiwa na boksi la kampuni. Hapo boksi likizimika, mtandao wa ndani haufi papo hapo, bali hufa kidogo kidogo, kwani kila kompyuta imekopeshwa anwani yake kwa muda maalumu: mkopo ukiwa wa saa 24, kompyuta huomba kuuhuisha saa 12 zikishapita, isipojibiwa hurudia, na saa 21 zikitimia humwomba yeyote awezaye kujibu, na muda ukiisha huiacha anwani ile na aghalabu kujitwalia nyingine inayoanzia 169.254, isiyoweza kusemezana na wenzake waliobaki na za 192.168. Ndiyo maana mtu aliyeifikia seva asubuhi huikosa jioni bila ya kugusa kitu, na mgeni aliyekuja na kompyuta yake adhuhuri hakuipata tangu mwanzo. Dawa yake ni seva kupewa anwani isiyobadilika, ikaandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na ugawaji wa anwani ukaachiwa ruta ya meshi yenyewe.

Simu nazo zina taksiri yao. Simu ya Android ikijiunga na waifai hupeleka swali dogo kwa seva za Google, na isipojibiwa huhukumu kwamba waifai ile haina intaneti, ikahamia kwenye data ya laini; basi muuguzi atafutaye rekodi ya mgonjwa kwa simu huambiwa seva haipatikani, ilhali iko hatua chache kutoka alipo, mpaka airuhusu simu ibaki kwenye waifai ile ile. Nataja muuguzi kwa makusudi, kwani vituo vingi vya afya vya Uganda hutunza rekodi kwa UgandaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, programu iliyoanza kutumika mwaka 2006 huko Eldoret, Kenya, ng'ambo ya mpaka, nayo huweza kuendeshwa na seva iliyo ndani ya kituo chenyewe.

Ninachokilaumu hasa ni ununuzi wa ruta ambazo mipangilio yake haifunguki ila kwa programu ya simu inayopitia seva za mbali, hata mwenye nyumba akawa hana mamlaka juu ya mali yake siku anayoihitaji zaidi. Lawama nyingine ni ya umeme: hata Jinja, mji ulio ubavuni mwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, liitwalo sasa Nalubaale, hukatikiwa na umeme kama miji mingine. Na ruta pamoja na boksi lake aghalabu hula volti 12 na wati chache, ambazo betri ndogo huzimudu kwa saa nyingi, lakini fedha hutolewa kununua ruta mpya, na ile nzima ikatupwa jaani pamoja na maganda ya matoke, jambo ambalo ni israfu tupu.

Yawezekanayo wakati wa mkato ni mengi: kuchapa, kamera za ulinzi zenye kinasa chao, Wikipedia iliyohifadhiwa kwa programu ya Kiwix, masomo ya programu ya Kolibri, simu za ndani, mafaili ya pamoja na hesabu za duka zilizo kwenye seva yake; lakini taa na kengele zinazotii seva za ng'ambo hazimo.