Kidole kimoja hakivunji chawa: Mgonjwa wa Parkinson ahitaji wataalamu wengi

MSOMAJI, chukua mfano wa mzee aliyestaafu ukarani katika shamba la kahawa huko Ruiru. Kwanza benki yakataa sahihi yake kwa sababu maandishi yamekuwa madogo mno. Kisha mkono mmoja waanza kutetemeka akiwa ametulia kitini. Watoto wasema ni uzee, majirani wanong'ona kwamba amerogwa.

Huenda si uzee wala uchawi, bali ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa polepole. Mwili hukakamaa na mwendo huwa mzito. Bondia Muhammad Ali alitambuliwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984 akaishi nayo hadi kifo chake mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wagonjwa walizidi milioni 8.5.

Tiba ya kuumaliza haijapatikana. Dawa kuu, levodopa, hugeuka dopamini ubongoni, lakini sharti inywewe kwa saa zake. Ikimezwa pamoja na nyama au maharagwe, yaweza kupungua nguvu. Hivyo mfamasia na mtaalamu wa lishe wana kazi ya kupanga saa ya dawa na saa ya githeri.

Miguu inapoganda mlangoni, mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfundisha mgonjwa kutembea kwa kuhesabu au kukanyaga mistari iliyochorwa sakafuni. Mtaalamu wa matamshi hushughulikia sauti iliyofifia, na pia kumeza, kwani chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Mwingine huangalia nyumba: choo kipate chuma cha kushikilia, shati lipunguzwe vifungo. Naye muuguzi au mshauri husikiliza huzuni ya mzee, ambayo mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe wala si uvivu. Pia humsikiliza mke asiyepata usingizi.

Lakini kuwapata wote hawa si rahisi. Kumtoa mgonjwa Ruiru hadi hospitali kubwa ya Thika mara tatu kwa wiki ni nauli mara tatu, tena utingo akimhimiza apande upesi ilhali miguu imekataa.

Yako mambo ambayo familia yaweza kufanya. Omba miadi yote iwe siku moja. Beba daftari moja ambamo kila mtaalamu ataandika alichoshauri, ili wa pili asivunje kazi ya wa kwanza. Mchagueni mtu mmoja nyumbani wa kulitunza daftari hilo, na mwingine wa kumpokezana mama usiku. Wala msikatize dawa ghafla pesa zikipungua. Mwambieni daktari mapema, kwani kukatiza ghafla ni hatari.

Na mzee akichelewa kujibu salamu, mngojee. Angali anakusikia.