Nafasi Zimefungwa, Lakini Nani Kazifunga?

Siku hizi ukitaka kuonana na wakili, mshauri wa biashara au msimamizi wako wa utafiti chuoni, huenda usitajiwe siku wala saa. Unatumiwa kiungo. Ukikibonyeza inafunguka kalenda, na unatakiwa uchague mwenyewe muda unaokufaa. Tatizo huanza pale siku zote za wiki zinapoonekana zimefifia, bila hata saa moja ya kuchagua. Mwombaji huhitimisha haraka: ama mtu huyu ana kazi za kupindukia, ama hataki kuniona. Mahitimisho yote mawili yanaipa kalenda ujuzi ambao haina. Programu ya miadi haijui mwenye nayo amebanwa kiasi gani. Inachojua ni kanuni alizoijaza, pamoja na zile ilizokuja nazo ambazo hajawahi kuzigusa. Nafasi iliyofungwa ni zao la kanuni hizo, na kwa hiyo wajibu wa kuichunguza ni wa mwenye kalenda, si wa mgeni anayebisha hodi.

Ushahidi wa kwanza umo katika namna programu hizi zinavyofanya kazi. Calendly, Microsoft Bookings, Google Calendar na nyinginezo za aina hiyo huanza na saa za kazi ulizozitangaza, kisha hupunguza. Huondoa muda wenye shughuli katika kila kalenda uliyoagiza ikaguliwe, ya ofisi na ya nyumbani. Huondoa saa zilizo karibu mno na sasa hivi, na siku zilizo mbali kupita ukomo uliouweka. Kila kanuni ni chekeche, na kinachomfikia mgeni ni kile tu kilichopenya machekeche yote. Tena machekeche haya yameegemea upande wa kufunga. iCalendar, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za kalenda kilichotolewa mwaka 1998 na kuhuishwa mwaka 2009, kinaelekeza kwamba tukio lisiloelezwa kama linachukua muda au la, lihesabiwe kuwa linauchukua. Kinaelekeza pia kwamba tukio la kujirudia lisilo na tarehe ya mwisho wala idadi ya marudio liendelee bila kikomo. Ndiyo maana kikao cha kila Jumatatu cha mradi uliokwisha zamani kinaweza kuendelea kuifunga Jumatatu ijayo. Na ukumbusho wa siku nzima wa kulipa kodi ya nyumba, ukihesabiwa kuwa shughuli, unaweza kufunga siku yote kwa ajili ya malipo yanayokamilika kwa simu ndani ya dakika chache.

Tupige hesabu ya siku moja. Mtu anafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yaani saa 8. Ana vikao vitatu vya nusu saa: saa nne asubuhi, saa sita mchana na saa nane na nusu mchana. Muda uliobaki ni saa 6 na nusu. Mgeni anataka saa moja, na programu inaruhusu kuanza saa kamili tu. Kwa kanuni hizo peke yake, nafasi zipo tano: saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa na saa kumi. Sasa mwenye kalenda anaongeza nusu saa ya kupumzika kabla na baada ya kila miadi mipya. Saa tatu inaondoka kwa kuwa mapumziko yake yanagongana na kikao cha saa nne. Saa tano nayo inaondoka, kisha saa tisa. Zinabaki mbili, saa saba na saa kumi. Kukiwa na kanuni nyingine inayotaka miadi iombwe angalau saa 4 mapema, mgeni anayefungua kiungo saa sita na nusu mchana hakuti kitu. Mtu ambaye sehemu kubwa ya siku yake haina kikao anaonekana amejaa pomoni, na hakuna aliyedanganya wala programu iliyoharibika. Kanuni tatu, kila moja ikiwa na maana yake, zimejumlishwa bila mtu kuangalia jumla yake.

Watu wanapokuwa nchi mbalimbali, hesabu inabana zaidi. Tanzania, Kenya na Uganda hazibadilishi saa mwaka mzima, lakini sehemu kubwa ya Kanada na Ulaya hubadilisha. Wakati wa baridi Toronto iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 8, na kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti hiyo hupungua ikawa saa 7. Kama pande zote mbili zimetangaza saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wakati wa baridi hawana hata dakika moja ya pamoja: Toronto inafungua ofisi Dar ikifunga. Wakati wa kiangazi wanapata saa moja tu. Kosa jingine liko karibu nasi zaidi. Programu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu kuanzia alfajiri. Anayeandika 3:00 hadi 11:00 kwa mazoea yetu, kwenye mpangilio wa saa 24, ametangaza kwamba yuko kazini kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi, na mchana wake wote unafungwa.

Wapo watakaosema kwamba kufunga kupita kiasi ni salama kuliko kuwaweka watu wawili katika saa moja. Wana hoja. Daktari anahitaji muda wa kuandika taarifa za mgonjwa aliyetoka, na mwalimu anahitaji kupumua kati ya wanafunzi. Lakini kinga hiyo ina thamani pale mtu anapoijua na kuichagua. Kanuni iliyosahauliwa haimlindi yeyote. Wengine watasema mgeni akikosa nafasi apige simu. Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos, aliianzisha Calendly mwaka 2013 kwa sababu ya kuchoshwa na barua pepe za kurudishana katika kupanga vikao. Kumrudisha mgeni kwenye simu ni kurudisha usumbufu uleule. Lililo baya zaidi ni kwamba rafiki mwenye namba atapenya kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp, ilhali mwanafunzi, mtafuta kazi au mteja mpya ataondoka kimya. Na wapo wanaotaka mgeni aonyeshwe sababu ya kila nafasi iliyofungwa. Hilo lingefichua mambo ya faragha, kuanzia kliniki hadi msiba, na ni haki mgeni asiyaone. Lakini kwa kuwa haoni, hawezi kujua kosa liko wapi. Anayeweza ni mwenye kalenda peke yake.

Basi, kama unatumia programu hizi, fungua kiungo chako mwenyewe kama mgeni, bila kuingia kwenye akaunti yako. Ukikuta siku unayojua ina nafasi imefungwa, kagua kwa mpangilio: kwanza majira ya saa na saa za kazi, kisha matukio yanayojirudia na ya siku nzima, kisha kalenda ulizoziunganisha, na mwisho mapumziko, muda wa kuomba miadi mapema na ukomo wa miadi kwa siku. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, uangalie tena, ndipo utajua lipi lililokuwa likifunga. Na wewe mgeni, usijihukumu kuwa umekataliwa. Andika ujumbe mfupi, taja nafasi mbili zinazokufaa na mji uliopo, kisha umwombe mwenyeji aikague kalenda yake.