Kuhariri Mswada Kabla ya Kuupeleka kwa Mchapishaji: Mfano wa Mwandishi wa Nyankunde

Baina ya kalamu ya mwandishi na meza ya mchapishaji kuna hatua ambayo waandishi wengi huiruka, nayo ni uhariri wa mswada. Makala haya yanaieleza hatua hiyo kwa mfano wa mwandishi wa Nyankunde, karibu na Bunia katika Ituri, anayekusudia kupeleka mswada wake Dar es Salaam au Nairobi.

Uhariri una ngazi tatu. Ya kwanza ni ya maudhui na muundo: je, sura zinafuatana, na hoja zinakamilika? Ya pili ni ya lugha: sarufi, msamiati na mtindo. Ya tatu ni ya usahihishaji: tahajia, alama za uandishi na kurasa. Mpangilio huu haupinduliwi bila hasara, kwani hakuna faida ya kusahihisha tahajia ya sura ambayo baadaye itaondolewa.

Kwa mwandishi wa Ituri, ngazi ya pili ndiyo yenye utata. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukagua vitabu, ilihusisha Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kwa hiyo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilikua nje ya usanifishaji huo, na mhariri asiyekijua hukiona kuwa ni makosa matupu.

Tuchukue neno moja. Nyankunde inajulikana kwa hospitali yake, na huko tabibu wa hospitali huitwa munganga. Mhariri akiandika mganga, msomaji wa pwani aweza kudhani anasimuliwa habari za mtaalamu wa dawa za miti shamba, ingawa serikali ya Tanzania yenyewe ina cheo cha Mganga Mkuu wa Wilaya. Akiandika daktari, maana inabaki, lakini sauti ya mahali imepotea. Vivyo hivyo zahabu kwa dhahabu, bintu kwa vitu, na anafanyaka kwa hufanya. Katika kitabu cha mafunzo ya afya, usanifu unafaa, kwa kuwa msomaji anatafuta maelezo yasiyo na utata. Katika riwaya, mchimba dhahabu anayezungumza kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam hasadikiki. Hapo simulizi laweza kusanifishwa, na mazungumzo yakaachwa.

Mfano wa upande wa pili ni historia ya mji wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, iliyoandikwa na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani mwaka 1965. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, hakukifuta Kiswahili cha Yav. Alikitoa pamoja na tafsiri na maelezo. Kama andiko hilo lingesanifishwa na matini asilia kutupwa, wanaisimu wangepoteza ushahidi wa lugha, na wasomaji wangepoteza sauti ya watumishi wale.

Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mhariri mswada, mwandishi aeleze kwa maandishi nani atakayeusoma, maneno gani yasiguswe, na kwa sababu gani. Aambatishe faharasa fupi. Mhariri naye aonyeshe kila badiliko, ili mwandishi alikubali au alikatae. Matini asilia ihifadhiwe, na nakala yake iwekwe mahali pengine. Nyankunde iliposhambuliwa Septemba 2002, watu wengi waliuawa na waliosalia walikimbia, wengine kwa miguu hadi Oicha. Katika hali kama hiyo, mswada wa nakala moja hauna mwokozi.

Kwa kuhitimisha, mhariri mwema humwezesha mwandishi kueleweka mbali na kwao. Anapomfanya aonekane kuwa hakutoka kokote, amevuka mpaka wa kazi yake. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, suala hili linawahusu wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi kama linavyowahusu waandishi wa Ituri.