Kiduha na Mwito Usio Wake

Mkulima wa mtama kwenye udongo wa kichanga wa Bariadi, ule ambao Wasukuma huuita luseni, hahitaji maabara ili ajue shamba limechoka. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kitamwambia. Ila kitamwambia kwa kuchelewa: maua yake ya zambarau yanapochanua, kimekwisha kuinyonya mizizi ya mtama kwa wiki kadhaa chini ya ardhi.

Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Huamshwa na nini? Mwaka 1966 watafiti wa Marekani waliitambua kemikali moja inayoiamsha, strigoli. Ajabu ni kwamba waliipata kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiliwezi. Sababu ya mmea kutoa kitu kinachomwamsha adui ilijulikana mwaka 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kuwa kemikali za jamii hiyo ni mwito kwa fangasi wa udongoni. Fangasi hao, wasio wa ugonjwa, huingia mizizini, hutandaza nyuzi mbali kuliko mizizi inavyofika na kuleta fosforasi. Mmea huwalipa sukari. Kiduha ni mdoezi tu: kinasikia wengine wakiitwa chakulani, nacho kinakuja.

Fosforasi ikipungua, mmea huzidisha mwito. Ndiyo maana shamba lisilorutubishwa ndilo linalojaa kiduha, na samadi inayorundikana zizini miaka nenda rudi ingefaa zaidi shambani.

Simiyu, mkoa wa pamba ambamo Bariadi imo, una silaha nyingine mkononi. Pamba huamsha mbegu za kiduha, lakini kichipukizi kikikosa pa kujishika hufa baada ya siku chache. Wakati huohuo pamba inawalisha fangasi watakaoupokea mtama wa msimu ujao. Kunde nazo husaidia. Msimu mmoja hautoshi, kwa sababu ya akiba ya mbegu iliyomo ardhini.

Vijidudu vya kusaidia mizizi vinavyouzwa kwa pakiti sivipi kipaumbele. Fangasi wanaoitwa na mizizi wamo tayari udongoni. Wanachohitaji ni mizizi hai, na plau lisilopita shambani mara mbili tatu kukata nyuzi zao.

Kiduha king'olewe kabla ya maua, maana mmea mmoja huweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu. Kilichokwisha kuchanua kisitupwe kando ya shamba, kichomwe.