Vitu Vinavyozuia Damu Kisha Vikaisha Mwilini

Akina mama wengi walioshonwa baada ya kujifungua wanazifahamu nyuzi ambazo hakuna anayekuja kuzitoa. Baada ya majuma machache zimekwisha zenyewe. Zamani zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Wazo hilohilo limewasaidia madaktari wa upasuaji kupambana na damu isiyotaka kukoma.

Shashi ya pamba hufyonza damu, lakini ukiivuta huondoka na donge lililokwisha kuganda, na damu huanza upya. Ikisahaulika tumboni mwa mgonjwa, huweza kuleta usaha. Ndiyo maana katika miaka ya 1940 madaktari wa Marekani walianza kutumia selulosi ya mimea iliyobadilishwa kwa kemikali, pamoja na sponji ya jelatini itokanayo na ngozi ya nguruwe. Hivi huweza kuachwa ndani ya jeraha: selulosi huisha kwa juma moja au mawili, sponji kwa majuma 4 hadi 6.

Linalostaajabisha zaidi ni magamba ya kamba wa baharini na kaa, yale tunayoyatupa jikoni. Humo hupatikana kitu kiitwacho kitosani. Chembe nyekundu za damu zina chaji hasi, nayo kitosani ina chaji chanya. Basi huvutana na kunatana kama ulimbo mpaka jeraha likazibwa. Bandeji zake ziliruhusiwa Marekani mwaka 2002, na askari wa nchi hiyo wakazitumia vitani Iraki na Afghanistan. Mwilini, kitosani huvunjwa polepole na kimeng'enya kilichomo hata katika machozi na mate yetu. Hata hivyo, bandeji ya juu ya jeraha hutolewa hospitalini.

Na sisi tulio shambani, mbali na bandeji hizo? Ndugu msomaji, hata askari mwenye bandeji hiyo hutakiwa kuikandamiza kwa dakika kadhaa. Mkono ndio unaotangulia. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu, na mshipa mkubwa ukikatwa kwa panga anaweza kufa kabla gari halijapatikana. Chukua khanga safi, ikunje, kandamiza kwa nguvu kwa mikono miwili dakika 10 bila kuchungulia. Ikilowa usiibandue, ongeza nyingine juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu bado inaruka, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyo, ukaze kwa kijiti mpaka ikome. Andika saa uliyofunga, wala usifungue njiani.

Majivu, kahawa na udongo visitiwe kamwe. Udongo hubeba vijidudu vya pepopunda, na daktari atapata kazi ya kuusafisha kabla hajashona. Mkifika hospitali, ulizeni pia habari ya chanjo ya pepopunda.